Kifafa, Ubongo na Dhana Mbaya: Mafunzo Kutoka Njia ya Tunduma



Haijapita siku nyingi alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu baada ya sala ya laasiri, macho yamemwiva kwa kulia. Mwanawe ni utingo wa lori la mizigo, na njia yake ni Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ambako malori hukaa siku nyingi yakingoja zamu ya kuvuka. Kijana huyo, ambaye tangu utotoni hakuwa na maradhi ya namna hiyo, alianza kuanguka kifafa. Alipelekwa hospitali akapigwa picha ya kichwa, na daktari akamweleza kuwa ndani ya ubongo wake mna vifuko vya mabuu ya tegu, yule mnyoo wa nguruwe.

Habari ile ilipofika mtaani, watu hawakuwa na haja ya kuuliza tena. Wakasema, "Kumbe huko bara alikuwa akila haramu." Wakwe zake wakaanza kumtaka binti yao. Kijana anaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa nyama hiyo haijapata kupita kinywani mwake. Basi mama akaniuliza, "Sheikh, yawezekana mwanangu asema kweli?"

Nami nakiri mbele yako, msomaji, kuwa maneno yale ya mtaani nilikwisha kuyasikia kabla mama huyu hajanijia, na sikumtetea kijana. Nilinyamaza, na moyoni nikadhani kama walivyodhani wengine. Kwa hivyo makala haya ni jawabu la mama yule, na pia ni deni ninalolilipa.

Jawabu lenyewe ni fupi: naam, yawezekana sana. Lakini ili lieleweke vyema, na lisionekane kuwa ni sheikh anamfunikia mtu aibu yake, yatupasa tujue kwanza ubongo ni kitu gani, kisha kifafa ni nini, kisha tegu huyu hufikaje kichwani mwa mtu.

UBONGO NA UGWE WA MGONGO

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 hadi 1,400 hivi, nao ni laini mfano wa uji ulioganda. Mwenyezi Mungu ameufungia ndani ya fuvu la mfupa, akauvika ngozi tatu, na akauzungushia maji safi ili mtu akijigonga usipate kuumia kwa wepesi. Sehemu yake kubwa imegawika pande mbili, na ajabu ni kuwa upande wa kulia ndio uuendeshao mkono na mguu wa kushoto, na wa kushoto ndio uuendeshao wa kulia. Nyuma, karibu na kisogo, pana ubongo mdogo, ambao kazi yake ni kumlinganisha mtu asipepesuke katika mwendo wake. Chini yake pana shina, ambalo husimamia pumzi na mapigo ya moyo hata mtu akiwa usingizini.

Kutoka kwenye shina hilo hushuka ugwe mweupe unaopita ndani ya uti wa mgongo. Waarabu huuita nukhaa. Kila aliyepata kuchinja mbuzi anaujua. Urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 45, na unene wake ni kama wa kidole cha mwisho. Kutoka ugweni hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga, na 1 ya kifandugu. Kwa njia ya mishipa hiyo amri ya ubongo hufika hata kwenye ncha ya kidole, na habari ya moto au mwiba hurudi juu kwa ubongo. Ugwe ukikatika, kila kilicho chini ya mahali palipokatika hakisikii wala hakiendi.

Wanavyuoni wetu walilijua jambo hili. Imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) aliwakataza watu, wanapochinja, wasikifikishe kisu kwenye nukhaa, bali wakate panapopasa kisha wamwache mnyama mpaka roho itoke. Hivyo ugwe huu umetajwa katika milango ya fiqhi, si katika vitabu vya waganga peke yake.

Katika ilimu ya uganga, Galen, tabibu wa dola ya Rumi aliyeishi katika karne ya pili baada ya Nabii Isa (a.s.), aliukata ugwe wa wanyama mahali mbalimbali, akaona ni viungo vipi vinavyolegea kila anapokata. Ilimu hiyo ikapokelewa na Waislamu, wakaifasiri kwa Kiarabu, wakaisahihisha na kuiongeza. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037 huko Hamadan, aliandika kitabu chake mashuhuri, al-Qanun, juzuu tano. Katika juzuu ya tatu ameyapanga maradhi kuanzia kichwani kushuka miguuni, na mlango wa kwanza akaufanya wa maradhi ya ubongo. Kitabu hicho kikafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na vyuo vya Ulaya vikakisomesha kwa mamia ya miaka. Wala si kila alichoandika kilikuwa sawa. Yeye na Galen walihesabu jozi saba za mishipa itokayo ubongoni, na leo yajulikana ni 12. Ndiyo kawaida ya ilimu ya wanadamu, kila kizazi hujenga juu ya msingi wa waliotangulia.

KIFAFA NI NINI?

Ubongo huzungumza na mwili kwa umeme mdogo sana. Jambo hili lilidhihirika kwa watu pale tabibu wa Kijerumani, Hans Berger, alipoupima umeme huo juu ya kichwa cha mwanadamu mwaka 1924, akatangaza alichokiona mwaka 1929. Kwa kawaida umeme huo hupita kwa utaratibu. Ukichafuka ghafla, sehemu moja ya ubongo au ubongo wote hutoa amri bila mpango, na mtu huanguka, hukakamaa, hutikisika, pengine hutokwa na povu na kujikojolea. Hicho ndicho kifafa. Povu lile ni mate yake tu ambayo hakuweza kuyameza, wala hayamwambukizi mtu kifafa.

Watu wa kale walikuwa na maneno mengi juu ya ugonjwa huu. Wayunani waliuita ugonjwa mtakatifu, mpaka wanafunzi wa Hippocrates walipoandika, zaidi ya miaka 300 kabla ya Nabii Isa (a.s.), kuwa asili yake ni ubongoni kama maradhi mengine. Ibn Sina naye aliuweka katika maradhi ya ubongo. Kwetu Waislamu, Ibn al-Qayyim aliyefariki mwaka 1350 amesema kuwa kuanguka ni kwa namna mbili, kuna kwa upande wa pepo na kuna kwa upande wa mwili, na hii ya pili ndiyo waliyoizungumza matabibu. Basi anayeamini kuwa majini wapo, kama tunavyoamini sote, hana ruhusa kwa imani hiyo kusema kuwa kila aangukaye ana jini. Mwanachuoni huyu mkubwa hakusema hivyo.

Na lililo kubwa zaidi ya yote ni mwenendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume akalalamika kuwa huanguka na nguo ikamfunuka, akaomba aombewe dua. Mtume akamkhiyarisha baina ya kusubiri akapata Pepo, au kuombewa apone. Bibi yule akachagua kusubiri, lakini akaomba aombewe asifunuke, naye Mtume akamwombea. Zingatia, ndugu msomaji. Mtume hakumuuliza umekula nini, hakumwambia amelaaniwa, hakumkimbia. Alimsikiliza, na heshima ya mwili wake ikahifadhiwa.

TEGU HUFIKAJE KICHWANI?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hivyo tusome kwa makini.

Tegu wa nguruwe ana maisha ya namna mbili. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye mabuu, nayo haikuiva vizuri, buu lile huota tumboni likawa mnyoo mrefu wa mita kadhaa. Mnyoo huo hukaa katika matumbo, wala hauendi kichwani. Mara nyingi mwenye nao hajui kuwa anao. Lakini kila siku hutoka pamoja na choo chake mayai kwa maelfu, madogo hata jicho haliyaoni.

Nguruwe aliyeachwa kuzurura akila kinyesi hicho, mayai huwa mabuu ndani ya nyama yake, na mzunguko huanza tena. Na mwanadamu naye akiyameza mayai hayo, yaliyo kwenye maji, kwenye mboga zisizooshwa, au kwenye mkono wa mtu aliyetoka chooni bila ya kunawa, hupatikana na yale yampatayo nguruwe. Mayai hupasuka, mabuu huingia katika damu, na hukaa kwenye misuli, machoni, ubongoni, na mara chache kwenye ugwe wa mgongo. Kila moja hujifanyia kifuko, aghalabu kisichozidi punje ya hindi, na huweza kukaa kimya miaka mingi. Mara nyingi buu linapoanza kufa ndipo mwili unapopambana nalo, ubongo ukavimba mahali pale, na kifafa kikaanza.

Basi angalia tofauti hii. Mla nguruwe hupata mnyoo wa tumboni. Mabuu ya ubongoni hutokana na kumeza mayai, na mayai hutoka katika choo cha mwanadamu, si katika nyama. Mtu ambaye hajapata kuiona nyama ya nguruwe kwa macho yake aweza kupata mabuu hayo.

Ilimu hii haikupatikana kwa siku moja. Ni katika miaka ya 1850 wataalamu wa Ulaya walipothibitisha kuwa buu la nyama ya nguruwe na tegu wa tumboni ni kiumbe kimoja. Mmoja wao, tabibu wa Kijerumani Friedrich Küchenmeister, aliyathibitisha mwaka 1855 kwa kumlisha mabuu mfungwa aliyehukumiwa kuuawa, bila ya mfungwa kujua, kisha akayakuta matumboni mwake baada ya kufa. Ilimu ilipatikana, lakini njia yake ilikuwa dhuluma, na leo haikubaliwi. Baadaye askari wa Kiingereza waliorudi kwao kutoka Bara Hindi walianza kuanguka kifafa, wengine miaka mingi baada ya kurudi. Matabibu wa jeshi wakawafuatilia, na mwaka 1961 ikatolewa taarifa ya wagonjwa 450 wa namna hiyo.

HABARI ZA KWETU TANZANIA

Katika nchi yetu, wa mwanzo kuwafanyia wagonjwa wa kifafa kliniki yao khasa alikuwa Dkt. Louise Jilek-Aall, bibi mzaliwa wa Norway, ambaye mnamo mwaka 1960 aliianzisha Mahenge, kwa Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa, wakiamini kuwa mate na uchafu wa mgonjwa huambukiza. Akawapa dawa za vidonge, na wengi wakapata nafuu, wakarudi kulima na kukaa na watu. Kifafa cha Mahenge kina sababu zake. Watafiti waliofuata wamekihusisha na minyoo inayoletwa na inzi weusi wa mitoni, ile iletayo usubi. Nakitaja ili ujue kuwa kifafa kina milango mingi. Kuna cha kuumia kichwa, cha malaria kali ya utotoni, cha shida wakati wa kuzaliwa, na kuna ambacho sababu yake haionekani.

Ama mlango wa tegu, mahali ulipoonekana wazi ni nyanda za juu za kusini. Mkoa wa Songwe, ambao ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yako Vwawa katika wilaya ya Mbozi, nao waendelea hadi Momba, Ileje na mji wa Tunduma. Ni nchi ya kahawa na mahindi, ya Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali. Wengi wao si Waislamu, na kwa familia nyingi nguruwe wawili watatu ndiyo ada ya skuli na dawa ya mtoto. Reli ya TAZARA iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 na barabara kuu ya Zambia vyapita huko, na watu wa pwani wamekuwa wakienda na kurudi kwa biashara na kwa kazi tangu siku hizo. Waislamu wa huko wanasali katika misikiti yao, na wananunua mboga katika soko lile lile moja na jirani zao.

Mwaka 2013 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika vijiji 13 vya Mbozi. Watu 830 walipimwa damu, na kiasi cha 17 katika kila 100 walikutwa na dalili za mabuu hai mwilini. Wenye tegu wa tumboni walikuwa wachache kuliko hao, kiasi cha 5 katika kila 100. Ndugu msomaji, izingatie hesabu hii. Walioingiwa na mabuu ni wengi zaidi ya walio na mnyoo, maana mtu mmoja mwenye mnyoo, asiye na choo kizuri wala maji ya kunawa, huwadhuru wengi wasio na hatia, na jamaa wa nyumba yake ndio wa kwanza.

Na kama bado una shaka, sikiliza habari ya New York. Baina ya mwaka 1990 na 1991 watu wanne wa jamii ya Mayahudi washikao dini yao sana, ambao kwao pia nguruwe ni haramu, walipatikana na mabuu haya ubongoni. Matabibu wakastaajabu. Walipochunguza wakaona kuwa nyumba zao zilikuwa na watumishi kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, na mmoja katika watumishi hao akakutwa na tegu tumboni. Habari hiyo ikaandikwa mwaka 1992 katika jarida kubwa la uganga la Marekani. Hakuna aliyekula haramu katika watu wale wanne. Walikula chakula chao halali kilichopita katika mkono usiooshwa.

TUJIFUNZE NINI?

La kwanza ni ulimi. Qur'ani tukufu, katika Suratul Hujurat, imetukataza dhana nyingi, na kuchunguzana, na kusengenyana. Sisi tuliona ugonjwa tukaufanya ushahidi wa dhambi. Kijana yule alikuwa akila kachumbari na wali katika vibanda vya njiani, kama wasafiri wote. Hata kama tusingejua habari za mayai ya tegu, haikutuhalalikia kumtuhumu bila ya bayana. Na hata angekuwa amekula, mgonjwa hutibiwa na mwenye kukosa hunasihiwa kwa siri. Havunjiwi nyumba yake.

La pili ni kiburi. Tumezoea kusema, "Sisi hatuli nguruwe, maradhi hayo hayatuhusu." Ni kweli kuwa Mwenyezi Mungu ametuharamishia nyama hiyo, nasi tunamtii kwa kuwa ameamrisha, si kwa sababu ya mnyoo. Lakini Yeye aliyeiharamisha ndiye aliyetuamrisha tahara, na Mtume wake ametukataza kujisaidia njiani, kwenye vivuli vya watu na mahali pa maji. Ni mara ngapi tumeiona amri ya pili ikivunjwa katika fukwe zetu na nyuma ya nyumba zetu, na hakuna anayekasirika kama anavyokasirika kwa ile ya kwanza? Najisi ya choo cha Mwislamu haina baraka kuliko ya mtu mwingine. Anayechimba choo, akaweka maji na sabuni mlangoni, ameilinda akili ya jirani yake, na kuhifadhi akili ni moja katika mambo matano ambayo wanavyuoni kama Imamu Ghazali wamesema sheria imekuja kuyalinda.

La tatu ni jirani. Asije mtu akaichukua habari hii akawatukana watu wa Mbozi. Wao ndio wa kwanza kuumia, kwa watoto wao na kwa mifugo yao. Lawama ni ya ufukara, ya ukosefu wa vyoo na maji, na ya nguruwe wasiofungwa bandani, na haya yaweza kuondoka. Hapo Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu wana kazi moja.

La nne ni mgonjwa mwenyewe. Ukimwona mtu ameanguka, mwondolee vitu vya hatari na moto, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mfunike nguo. Usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimbane viungo, usimpe maji mpaka azindukane. Ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Dawa za kifafa zipo, na mwenye kuzitumia kwa taratibu aghalabu hupata nafuu kubwa. Asiziache ghafla kwa kuwa ameona ni mzima, wala asikimbilie kununua dawa ya minyoo dukani. Mabuu yaliyo ubongoni yakifa mengi kwa mara moja yaweza kuleta uvimbe wa hatari, na matibabu hayo yataka daktari. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema, nasi tunamsomea, lakini Mtume aliyetufundisha dua ndiye aliyetufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake, akatuamrisha tujitibu.

Mama yule nilimweleza haya yote. Kisha nikaenda naye kwa wakwe wa mwanawe, nikayarudia mbele yao, na mbele yao nikasema kuwa nami nilidhani vibaya, na kuwa natubu kwa Mola wangu na namtaka radhi kijana. Baba mkwe aliinamisha kichwa kitambo, kisha akaniuliza, "Basi sheikh, sisi tuliosema tufanye nini?" Nikamwambia waende kwa wale wale waliowaambia, wakawaambie hivi walivyosikia leo.

Nawe msomaji, ukiwa ulipata kumsema mgonjwa wa kifafa kwa neno kama lile, njia yako ni hiyo hiyo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na ndimi zetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa watu wa tahara ya mwili na ya moyo. Amin.